Kifua Kikuu na Njaa ya Wafanyakazi



Mwenzetu mmoja wa kiwandani hapa Thika alikohoa kwa majuma mengi, akapimwa makohozi, akaonekana ana kifua kikuu. Alipewa vidonge bure, kama ilivyo haki ya kila mgonjwa wa ugonjwa huu katika hospitali za serikali. Lakini alituambia jambo moja lililotuudhi. Kwenye dispensari alikokwenda alipimwa uzito siku ya kwanza tu, akiwa na buti na ovaroli ya kazi. Urefu wake hakuna aliyeupima, wala hakuna aliyemwuliza anakula nini. Jibu lingekuwa fupi: chai kavu asubuhi, githeri mchana akiwa na pesa, ugali jioni.

Hatuwalaumu manesi. Wao ni wafanyakazi kama sisi, na foleni zao twazijua. Lakini jambo lenyewe si dogo. Ugonjwa huu hula mwili: homa humaliza nguvu, hamu ya chakula hupotea, na mwili usiopata chakula hushindwa kupigana na vijidudu. Tena vidonge vyenyewe hutolewa kwa kufuata uzito, na mwenye kupimwa na buti aweza kupewa kipimo kisicho chake.

Kupima lishe hakuhitaji mashine ya bei kubwa. Yatakiwa mizani, kipimo cha urefu ukutani, na dakika chache. Kilo za mtu hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mzima akipata chini ya 18.5, ana upungufu wa lishe; chini ya 16, hali yake ni mbaya sana. Mtu wa mita 1.70 mwenye kilo 52 hupata 18, basi amekwisha kuingia hatarini. Mama mjamzito hapimwi hivyo. Yeye hupimwa unene wa mkono wa juu kwa utepe.

Hata hivyo hesabu peke yake hudanganya. Mtu wa urefu ule ule aliyekuwa na kilo 70 akishuka hadi 60, hesabu yampa zaidi ya 20, naye huambiwa lishe yake ni njema. Kumbe amepoteza kilo 10! Kwa hiyo yafaa aulizwe: zamani ulikuwa na kilo ngapi? Wengi wetu tulipimwa siku ya kuandikwa kazi, na karatasi imo ofisini. Iombeni.

Wako wasemao kwamba dawa yatosha. Kweli, mwaka 1959 madaktari wa Madras, India, walitangaza kwamba wagonjwa maskini waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa na kulishwa vizuri. Habari ile ilikuwa njema, nasi hatuipingi. Lakini mwaka 2023 yalitangazwa matokeo mengine ya huko huko India, katika jimbo la Jharkhand. Wagonjwa walipewa chakula kila mwezi, na katika nusu ya makundi jamaa zao wa nyumbani walipewa pia. Wagonjwa walioongeza uzito kwa sehemu 5 katika 100 katika miezi 2 ya kwanza walikufa wachache sana kuliko wasioongeza. Na katika nyumba ambazo jamaa walipewa chakula, walioambukizwa wakaugua walipungua kwa karibu sehemu 40 katika 100. Kwa mtu wa kilo 50, sehemu 5 ni kilo mbili na nusu tu, lakini nani atajua kama zimeongezeka ikiwa hapimwi tena?

Sasa tuje kwa mshahara, maana chakula hakitoki kwenye mizani. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu, kila mwaka. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa miezi 6. Na kibarua wa kahawa kule Ruiru, ambaye akikosa siku hukosa pesa ya siku, atakula nini? Hapo ndipo matajiri wapaswa kukaa nasi mezani: siku za ugonjwa ziongezwe katika mapatano, saa za kliniki zilipwe, na mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari kurudi apewe kazi nyepesi na chakula cha mchana.

Tajiri akitaka kumwachisha mtu kwa sababu ya udhaifu wa mwili, kifungu cha 41 cha sheria hiyo chamlazimisha kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama amtakaye. Usiende ofisini peke yako.

Wajumbe wa Thika na Ruiru walete habari za kila dispensari isiyo na kipimo cha urefu au yenye mizani mbovu, tuzipeleke kwa wakuu wa afya wa Kaunti ya Kiambu. Majina ya wagonjwa yasiandikwe.