Nani Humpa Mchoraji Jina?



Jumapili moja nilialikwa kula chakula nyumbani kwa mzee mmoja hapa Golf, katika mji wetu wa Lubumbashi. Nilifuatana na mwanafunzi wangu, kijana wa miaka kumi na minne, apendaye kuchora hata pale asiporuhusiwa. Sebuleni palitundikwa picha kubwa: samaki wawili, ndege mmoja, na majani yaliyojazwa vitone vidogo vidogo kama ulezi uliomwagwa juu ya mkeka. Mzee akatueleza kwa fahari kwamba picha hiyo aliirithi kwa baba yake, na kwamba kwa miaka mingi ilikaa stoo, nyuma ya magodoro. Aliitoa siku mwanawe aliyeko Ulaya alipompigia simu kumwambia kuwa picha za namna hiyo zimesifiwa sana mjini Paris.

Kijana akaitazama kitambo, kisha akauliza kwa adabu: "Papa, na mbele ya kusifiwa kule Paris, ilikuwa mbaya?"

Mzee akacheka. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na swali lile moyoni, na leo nataka tulitafakari pamoja.

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli kwa mihogo na kwa chumvi, maana mnunuzi huonja. Lakini kazi ya sanaa haionjwi kwa ulimi. Watu wengi hungoja kwanza kusikia watakavyosema wenye sauti: mwandishi wa gazeti, mkuu wa jumba la makumbusho, tajiri mwenye kununua. Maneno ya hao ndiyo yanayoitoa picha stoo au kuirudisha humo. Tuangalie yaliyotokea katika nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1926, huko Bukama, mtumishi wa serikali ya Kibelgiji aitwaye Georges Thiry aliona nyumba zilizochorwa kutani. Mchoraji alikuwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji, ili picha zisife pamoja na kuta za udongo. Mkewe Lubaki, Antoinette, naye alichora. Baadaye Thiry alimpata mchoraji mwingine katika Kasai, fundi cherehani aitwaye Djilatendo. Picha zikapelekwa Ubelgiji kwa Gaston-Denys Périer, mtumishi wa serikali aliyependa sana sanaa, naye akazitafutia mahali pa kuonyeshwa na akaziandikia makala. Mwaka 1929 picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels katika Jumba la Sanaa, na mwaka 1930 zikaonyeshwa Geneva.

Tazameni jambo hili vizuri. Karatasi zilisafiri, mwenye mkono akabaki Kongo. Sifa zilisemwa mahali asipokuwapo, kwa lugha isiyokuwa yake, katika magazeti ambayo jirani zake wa Bukama hawakuyasoma. Kwa hiyo jina la Lubaki lilikuwa kama taa iliyoshikwa na mtu mwingine: mwenye kuishika akienda zake, giza huingia. Ndivyo ilivyokuwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 mawasiliano yalikatika na picha zikakoma kwenda Ulaya. Hata siku aliyofariki Lubaki haikuandikwa popote. Mkono wake haukupungukiwa na kitu. Kilichopungua ni watu wa kumsema.

Kisa cha pili ni cha mji wetu. Mwaka 1946, mji huu ukiitwa bado Elisabethville, Mfaransa mmoja aliyekuwa zamani ofisa wa jeshi la majini, Pierre Romain-Desfossés, alifungua hapa karakana ya uchoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Kila mmoja atafute njia yake. Pilipili Mulongoy akachora samaki, ndege na nyoka kwa vitone na mistari myembamba. Mwenze Kibwanga akajenga watu na wanyama kwa vijistari vifupi vilivyopangwa kama ususi wa kikapu. Bela, aliyekuja kutoka nchi ya Chad, alichora kwa ncha za vidole vyake.

Kazi zao zilionyeshwa na zikasifiwa. Lakini sifa nazo zina namna zake. Wengi wa wenye kusifu walisema kwamba hawa ni watu wa roho ambayo haijaguswa, watoto wa msitu wanaochora bila kufundishwa, kama ndege aimbavyo. Maneno hayo ni matamu masikioni, ila yana mwiba ndani. Mwalimu alisifiwa kwa kuwa na jicho la kuona vipaji, na mchoraji akasifiwa kwa kutokujua! Mtu aliyekesha akipanga vijistari elfu moja, akifuta na kuanza upya, hapendi kuambiwa kwamba kazi ilimtoka yenyewe kama jasho.

Hukumu ya namna hiyo huleta madhara ya pili. Ukishasema kwamba uzuri wa mchoraji ni usafi wake wa kitoto, basi siku atakapokua utasema ameharibika. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954. Wachoraji wake waliingia katika shule ya sanaa iliyoanzishwa mjini hapa mwaka 1951 na Mbelgiji Laurent Moonens, na Pilipili na Mwenze wakawa walimu humo. Waigaji nao wakaongezeka, wakiuza samaki na ndege kwa wageni. Basi wahakiki wakaanza kupima magugu na ngano kwa mzani mmoja, na kuita yote vitu vya watalii. Picha zikaingia stoo, kama ile ya mzee wetu.

Ndipo ulipofika mwaka 2015. Mjini Paris, katika jumba la Fondation Cartier, yalifanyika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo tangu mwaka 1926 mpaka 2015, yaliyotayarishwa na André Magnin. Humo walikuwamo Lubaki na mkewe, Djilatendo, Bela, Pilipili, Mwenze, na wachoraji wa siku hizi pia. Magazeti yakaandika kwa mshangao, kana kwamba picha hizo zimeota usiku mmoja. Lakini rangi zilikuwa zile zile. Lubaki alikuwa hajulikani aliko, na Pilipili, Mwenze na Bela walikwisha lala makaburini. Kilichobadilika ni jicho la mtazamaji na kalamu ya mwandishi.

Je, tuwalaumu watu wa Ulaya? Hapana, si haki. Walioziandika ndio waliozihifadhi, ingawa waliandika kwa kasoro. Lawama iliyobaki ni yetu, nayo tusiikimbie.

Maana msidhani kwamba watu wa Lubumbashi hawakuwa na uhakiki wao. Walikuwa nao, tena mkali. Katika miaka ya 1970 familia nyingi za wafanyakazi zilitundika picha sebuleni: Mamba Muntu mwenye nywele ndefu, au askari akimchapa mfungwa enzi za Wabelgiji. Picha za namna hii ya mwisho ziliitwa ukumbusho. Hilo neno moja lilikuwa kipimo kamili. Picha njema ilikuwa ile inayomkumbusha mtu mambo yaliyompata yeye na wazee wake, na kuwafungua wageni midomo wakaanza kusimulia. Isiyofungua mdomo wa mtu ilikuwa rangi tupu.

Katika wachoraji wa ukumbusho alikuwamo Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mji huu huu mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi, picha mia moja na moja, na akazieleza moja moja kwa Kiswahili chetu cha Katanga mbele ya mtaalamu Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha hapa. Fabian akayanasa maneno yale katika kinasa sauti, na mwaka 1996 akatoa kitabu. Mwaka 2017 picha hizo zilionyeshwa katika maonyesho mashuhuri ya documenta 14. Tshibumba mwenyewe hakuonekana tena tangu mwaka 1981. Lakini tofauti yake na Lubaki ni kubwa: sauti yake imebaki. Twajua kwa nini alichora hivi na si vile, kwa kuwa yuko mtu aliyemwuliza, akamsikiliza, akaandika.

Na je, yako wapi maneno ya wale waliozitundika picha zake sebuleni? Yalisemwa mezani, yakaenda na wasemaji. Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Sifa isiyoandikwa huondoka na kinywa kilichoitoa. Iliyoandikwa mbali hurudi na sura ya kigeni. Mchoraji anahitaji jirani ambaye ataitazama kazi yake kwa haki na kuweka neno lake kwenye karatasi.

Mwanzo mwema upo. Tangu mwaka 2008 kikundi cha Picha, ambacho Sammy Baloji, mwana wa mji huu, ni mmoja wa waanzilishi wake, kimetuletea maonyesho makubwa ya sanaa yanayorudi kila baada ya miaka michache hapa Lubumbashi. Kazi inaonekana nyumbani, mtengenezaji akiwapo. Lakini maonyesho bila wahakiki wenyeji ni karamu ambayo wageni pekee ndio watakaoeleza chakula kilikuwaje.

Basi, wazazi na wanafunzi, mambo matatu. Kwanza, jifunzeni kutazama kabla ya kusifu: semeni kilichopo, rangi gani, mstari gani, nini kimekwepwa. Pili, msiogope kulaumu kwa upendo. Sifa za bure humlaza fundi usingizi. Tatu, andikeni jina la mchoraji na mwaka nyuma ya kila picha mliyo nayo, na aliyowaambia mchoraji mwenyewe, kama yu hai.

Jumatatu ile nilimwagiza kijana wangu aandike mistari kumi juu ya picha ya mzee, asitaje Paris wala bei. Aliandika kwamba samaki wote wawili wanatazamana, ila ndege amegeuza jicho pembeni, kama mtu aliyesikia akiitwa jina. Nilimpelekea mzee karatasi ile. Aliisoma, akasimama mbele ya picha muda mrefu, kisha akasema kwamba tangu utoto wake hakuwahi kuliona jicho lile. Siku hizi karatasi imebandikwa nyuma ya picha, na ina sahihi ya mwandishi wake.

Mwalimu wenu.