Wapagazi wako wapi?

Haya jamani, leo tuweke programu kando. Mnajua macho yakichoka na skrini mimi hushika brashi nikapaka rangi vijisanamu vya askari, vile vya kipimo cha 1:72, mtu mzima akiwa na milimita kama 24 tu.

Nina neno na wenzangu tunaounda mandhari za Vita vya Kwanza vya Dunia hapa Afrika Mashariki (1914-1918). Karibu kila ninayoiona ina askari wa King's African Rifles, bunduki mkononi, ofisa Mzungu mbele. Wapagazi je?

Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, kwa hivyo chakula na risasi vilikwenda vichwani mwa watu. Upande wa Waingereza pekee walikufa wapagazi zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina lao: Carrier Corps. Hata ile sanamu ya mwaka 1928 pale Kenyatta Avenue ina mpagazi.

Mtasema ni vigumu kuwapata madukani. Basi mkate askari bunduki, umfinyangie mzigo kichwani. Ngozi usiipake nyeusi ya kopo; anza na kahawia iliyokoza, ikikauka uguse mashavu na mabega kwa kahawia nyepesi.

Kwa maoni yangu, mandhari yenye askari watano na bila mpagazi hata mmoja si historia, ni gwaride. Mnaonaje?