Mgonjwa, Mzima na Yule Asiye na Jina: Utafiti wa Mukuru na Wajibu wa Wanakiswahili

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, neno taifodi halihitaji mkalimani. Kuanzia Dandora na Kayole hadi Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, mtoto akishikwa na homa na tumbo likamsokota, jirani hulitaja hata kabla ya daktari. Jina sanifu, homa ya matumbo, nalo linafahamika. Yamkini basi mtu akadhani kwamba Kiswahili kimekwisha kutimiza wajibu wake kuhusu maradhi haya. La hasha! Utafiti uliofanywa katika mitaa iyo hiyo unadhihirisha pengo ambalo wanakiswahili hawajaliziba.

Profesa Samuel Kariuki, mtaalamu wa vijidudu aliyehudumu kwa miaka mingi katika Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI), amewachunguza bakteria wa homa ya matumbo tangu karne iliyopita. Mnamo mwaka 2021, yeye na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa miaka 3 miongoni mwa watoto wa Mukuru wasiozidi umri wa miaka 16. Walipima watoto 4,670 waliokuwa na homa, na wengine 8,549 wa umri sawa wasiokuwa wagonjwa. Kwa waliougua, bakteria hao walipatikana mara 148. Jambo la kustaajabisha ni kwamba walipatikana pia mara 95 katika choo cha watoto waliohesabiwa kuwa wazima. Isitoshe, bakteria wa makundi haya mawili walikuwa wa koo zile zile, na wengi wao walikuwa sugu kwa dawa za kale kama vile ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli.

Maana ya matokeo haya ni nzito. Bakteria wa homa ya matumbo wana uwezo wa kujificha katika mfuko wa nyongo, chini ya ini, wakaishi humo muda mrefu bila kumsumbua mwenyeji wao. Kutoka hapo hushuka utumboni, wakatoka na choo, wakaingia katika maji na chakula cha wengine. Hapo ndipo wahenga waliposema kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Je, mtoto huyo aitweje? Kiswahili cha kila siku kinamjua mgonjwa na kinamjua mzima. Huyu si mgonjwa, kwani hana homa wala maumivu ya tumbo. Si mzima kamili pia, kwani anahifadhi maradhi ya jirani yake. Jina lenyewe la homa ya matumbo linampotosha mzazi: palipo na jina hilo, yeye hutafuta homa na tumbo. Asipoviona, hana sababu ya kushuku lolote. Lugha isiyomtaja mtu huyu wa tatu inamficha, na kinachofichwa hakikingiki. Mnamo Julai 2025, Kenya ilipoanza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya maradhi haya, hoja ya kumchanja mtoto asiyeumwa ilihitaji kuelezwa kwa lugha ya nyumbani.

Wapo watakaodai kuwa wakazi wa Eastlands huzungumza Sheng, na kwamba istilahi sanifu hazitawafaa. Hoja hii ina ukweli nusu. Neno lililobuniwa mezani na kufungiwa kamusini halimfai yeyote. Hata hivyo, UKIMWI ni neno lililoundwa kwa Kiswahili, na leo hakuna kichochoro cha Nairobi lisikoeleweka. Maradhi hayo hayo yalifunza pia kwamba jina linaweza kuwa fimbo. Neno "mbebaji" lina faida ya wepesi, lakini likitumiwa ovyo mtoto atatengwa na wenzake mchezoni. Kwa hiyo uteuzi wa neno hauwezi kuachiwa daktari peke yake, wala mwanaisimu peke yake.

Ni kweli kwamba neno halisafishi maji. Maadamu mabomba ya plastiki yanapita katika mitaro ya majitaka, bakteria watapata njia. Lakini mkazi anayeelewa njia hiyo ndiye atakayedai bomba jipya kwa hoja thabiti. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Haistahili basi matokeo yaliyotokana na watoto wa Mukuru yabaki katika majarida ya Kiingereza ambayo wazazi wao hawatayasoma.

Tasnifu za istilahi huandikwa kila mwaka katika idara za Kiswahili. Hapana budi baadhi yake zitoke maktabani, ziende Mukuru, zisikilize wazazi na wahudumu wa afya wa jamii wanavyomweleza mtoto huyu asiye na jina. Watafiti wa tiba wamekwisha kumwona. Sasa ni zamu ya wanakiswahili kumtaja, tena kwa neno ambalo mama yake atalipokea bila aibu.