Haki ya Nguo ni Kuvaliwa

NASAHA ZA IJUMAA
Na Maalim Bakari

Mama yetu alipofariki, na siku za matanga zikaisha, sisi wanawe tulikusanyika chumbani mwake, Mji wa Kale wa Mombasa, tukafungua sanduku lake la msaji lenye misumari ya shaba, na chini kabisa, chini ya buibui na kitambaa kilichofungiwa udi, tukakuta doti 14 za kanga ambazo hazijapata kukatwa wala kupindwa, zimekunjwa kama zilivyotoka dukani. Alikuwa ameziweka kwa ajili ya siku njema, ama arusi, ama Idi, ama ugeni wa heshima. Na siku hizo zilimjia kwa miaka mingi, naye kila mara akazipokea amejitanda zile kanga zake mbili zilizochujuka, kwa kudhani kwamba siku iliyo njema zaidi iko mbele. Dada yangu alipoinyanyua doti ya juu na kuikunjua, ilichanika kwenye mkunjo bila ya kuvutwa, kwa sauti ndogo kama ya karatasi kuukuu, kwa maana unyevu wa bahari na wingi wa miaka vilikuwa vimezila nyuzi zake kimyakimya. Katika doti 14 zilizosalimika ni tisa.

Tangu siku ile nimesadiki kwamba nguo ina haki juu ya mwenyewe, na haki hiyo ni kuvaliwa; na kwamba nguo iliyofungiwa pasipo kuvaliwa si akiba wala si mali, bali ni sitara iliyozuiliwa isimfikie mwingine aliye na haja nayo. Lakini kusadiki na kutenda ni mambo mawili, na mwezi uliopita, mvua za masika zilipopungua nikafungua kabati langu lipate hewa, niliona kosa la mama yangu limehamia kwangu, tena limezidi. Nilihesabu mashati 31, na katika hayo nayavaa saba tu, yale yale, wiki hadi wiki. Koti la sufu lilikuwa limeota ukungu mgongoni. Mashati manne yamekatika kola. Mawili hayana vifungo. Suruali tano zanibana kiunoni. Na mashati mengine yote ni mazima yasiyo na ila, ambayo sikuyanunua kwa haja, bali kwa sababu bei yake ilikuwa ndogo mno hata nikaona ni hasara kuyaacha.

Wazee wetu hawakuwa na wasaa wa israfu ya namna hii. Tangu kanga ilipoenea katika pwani yetu karne ya 19, na Mombasa ikapata nyumba za biashara zilizoishi kwa kanga, kama ile ya Kaderdina Hajee Essak iliyoanzishwa mwaka 1887, nguo moja ilipanda na kushuka daraja zake kwa mpango uliojulikana na kila mwanamke: ikiwa mpya ilivaliwa arusini, ikichujuka ikawa ya nyumbani, ikilainika ikawa mbeleko, mbeleko ikichakaa ikakatwa winda za mtoto, na mwisho wa umri wake ikawa tambara la kuteremshia chungu motoni. Hapakuwa na daraja ya kukaa bure.

Soko huria la miaka ya 1990 lilipofungua milango kwa mitumba, bei ya nguo ilishuka hata mtu wa kipato cha chini akaweza kujivika kwa staha, na mimi si katika wanaoidharau neema hiyo. Mwaka 2020, serikali ya Kenya ilipozuia uingizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa kwa hofu ya korona, tulishuhudia ni aila ngapi hula kwa robota moja la nguo, kuanzia mchukuzi hadi mpiga pasi. Lakini urahisi wa bei umetuondolea swali ambalo zamani mkoba ulituuliza kabla ya kununua, nalo ni hili: nguo hii nitaivaa lini?

Basi nasaha yangu kwa kila anayetamani kujivika upya ilhali mfuko wake ni mwepesi, na mimi ni mmoja wao, ni kwamba asianze sokoni, aanze kabatini. Achague siku ya jua kavu, atoe nguo zote pasipo kubakisha hata moja, azitandaze mkekani, kisha aivae kila moja mbele ya kioo, kwani jicho huisamehe nguo iliyotundikwa, bali mwili hausemi uwongo. Afanye mafungu manne: ya kuvaa, ya kutengeneza, ya kutoa, na ya tambara. Ile inayomtia shaka aifunge mfukoni, na kaskazi ikianza kuvuma pasipo yeye kuikumbuka, shaka itakuwa imekwisha. Kabati nalo lisirudishiwe nguo kabla halijapanguswa kwa siki na kukaushwa, na kutiwa karafuu katika kijifuko ili kuwafukuza nondo.

Fungu la kutengeneza ndilo lenye hazina. Yale mashati manne nilimpelekea fundi cherehani mmoja barazani kwake, nikamwambia kwamba yamekwisha. Aliliinua la kwanza, akalielekeza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya ukingo wa kola uliotafunwa na ndevu na jasho, akasema, "Maalim, kola hii haijafa, imechoka upande mmoja tu." Akachukua wembe, akaufumua mshono pale kola inapoungana na ukanda wa shingo, tundu baada ya tundu, hata ikatoka nzima, akapangusa vipande vya nyuzi, akaipindua upande wa chini ukawa juu, akairudisha mahali pake na kuipiga cherehani juu ya mstari ule ule wa sindano ya kwanza. Nilipolivaa, mke wangu aliniuliza nimelinunua wapi. Suruali mbili zilikuwa na akiba ya kitambaa mshononi, akaziachia kiuno. Tatu hazikuwa nayo, nazo zikaenda katika fungu la kutoa. Malipo yake ya kazi yote hayakufikia bei ya shati moja jipya la dukani, na hapo nikaielewa maana ya wahenga waliposema kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Kutoa nako kuna adabu yake. Nguo ya sadaka ifuliwe, itiwe vifungo, ipigwe pasi na kukunjwa, kwani anayepokea hapokei kitambaa peke yake, hupokea na kiasi cha heshima uliyomwekea. Usitoe ambayo ungeona haya kumwona mwanao ameivaa. Hiyo ni ya fungu la tambara. Na utoe kwa siri, wiki kadhaa kabla ya Idi, ili mwenye kupewa apate muda wa kuipunguza au kuiongeza, na mtoto wake asiambiwe madrasa kwamba kanzu ile ilikuwa ya fulani.

Baada ya hayo ndipo mtu aende sokoni, tena aende na karatasi iliyoandikwa upungufu wake, na asiongeze neno njiani. Akifika Kongowea, afike asubuhi wakati marobota yanafunguliwa. Aishike nguo juani aone kama imeliwa. Atazame kwapa, kola na mapaja, ambako nguo huanza kufa. Avute zipu mara tatu. Kisha ajiulize kama ataivaa kabla ya Ijumaa ya pili, na ikiwa hana jibu airudishe. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na unyemi huo ndio uliojaza kabati langu.

Najua yuko atakayesema kwamba maskini hana budi kuhifadhi kila alicho nacho, kwa kuwa hajui kesho italeta nini, na kwamba akiba haiozi. Namheshimu msemaji huyo, maana mama yangu alikuwa na hoja hiyo hiyo, naye aliijua dhiki kuliko mimi. Lakini akiba ya fedha na akiba ya nguo haziko sawa: katika pwani yenye joto na chumvi, nguo iliyofungiwa huoza, na tano katika zile 14 ni ushahidi wangu.

Doti tisa zilizosalimika tuligawana. Mke wangu alipewa moja, akaikata na kuipinda siku ile ile, naye huivaa akienda kununua samaki, siku isiyo na arusi wala Idi. Jua na sabuni vimekwisha kuifanyia kazi, na nyekundu yake imeanza kufifia. Kila nikiiona imeanikwa kambani uani, naona deni la mama yetu linalipwa.