Asiitwe Mlevi Kabla ya Kupimwa



Safari hii hatuandiki habari za mishahara. Twaandika habari ya mwenzetu mmoja, mpakia mizigo wa zamu ya usiku, aliyefika getini akipepesuka. Askari alipomwuliza jina lake, alijibu maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Askari akacheka. Msimamizi wa zamu akaitwa, akamtazama kidogo, akasema, "Huyu amelewa. Mpelekeni akalale, kesho ataandikiwa barua." Wenzake wawili wakamshika mikono, wakampeleka chumbani kwake, wakamlaza. Kulipokucha mkono wake wa kulia na mguu wa kulia havikuweza kuinuka. Mtu huyo hajapata kuonja pombe, na jirani zake wote walijua. Hata hivyo barua ilifika, tena ilifika kabla ya daktari.

Hatumlaumu askari peke yake. Wale waliomlaza ni wanachama wetu, na walifanya hivyo kwa huruma. Hawakujua tu.

Wengi wetu twajua kiharusi kwa dalili tatu: uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, na maneno kuvurugika. Dalili hizo ni za kweli na kila mtu azishike. Lakini hazitoshi. Ubongo ni kitu kidogo, uzito wake hata kilo moja na nusu haufiki, na bado watumia kiasi cha sehemu moja katika tano ya hewa safi inayochukuliwa na damu mwilini. Hauna ghala la akiba. Damu ikizuiwa, sehemu iliyonyimwa huacha kazi yake mara moja, na baada ya dakika chache huanza kufa. Na kwa kuwa kila sehemu ya ubongo ina kazi yake, dalili hufuata mshipa ulioziba. Ndiyo maana wagonjwa wawili wa kiharusi wanaweza kutofanana hata kidogo.

Sehemu ya nyuma, karibu na kisogo, ndiyo inayosimamia mwendo na macho. Damu ikikosekana huko, mtu aweza kuwa na nguvu zote za mikono na uso wake usipinde kabisa, lakini hawezi kusimama wima. Dunia yamzunguka, anatapika, aona kitu kimoja kuwa viwili, maji yampalia akinywa. Wako hata waliofika hospitali kwa sababu ya kwikwi isiyokoma iliyokuja pamoja na kizunguzungu. Basi tazameni: kupepesuka, kutapika, ulimi mzito, macho yasiyotulia. Ni nani asiyedhani ni pombe?

Mwingine hupotewa na lugha. Hanyamazi, asema mengi, tena haraka, lakini maneno si yenyewe, na ukimwambia "kaa hapa" haelewi. Watu husema amerogwa au ana pepo. Mwingine husahau upande wake wa kushoto: agonga mwimo wa mlango kwa bega la kushoto, ala ugali wa upande mmoja wa sahani na kuacha wa upande wa pili. Huyo ukimwuliza atakujibu, "Mimi mzima kabisa, niacheni nifanye kazi." Msimwamini. Ugonjwa wenyewe ndio umemficha ugonjwa. Mwingine jicho moja lafunikwa ghafula kana kwamba pazia limeshushwa, na baada ya dakika chache laona tena. Mara nyingi hakuna maumivu yo yote, na hapo ndipo twadanganyika, maana sisi tumezoea kwamba kisichouma si ugonjwa.

Iko dalili moja ambayo wapiga rangi, mafundi wa dari na wapakiaji yafaa waijue zaidi. Mtu afanya kazi kwa mkono mmoja kwa nguvu, mara nyingi wa kushoto, kisha apata kizunguzungu, macho yafanya giza, karibu aanguke kutoka kwenye ngazi. Akipumzika yaisha. Sababu yake ni kwamba mshipa wa damu ya mkono umekuwa mwembamba karibu na kifua. Mkono ukidai damu, huivuta kutoka kwenye mshipa wa shingoni uliokuwa ukienda kwenye ubongo. Mwaka 1961 madaktari wa Marekani walioeleza jambo hili waliuita huo wizi. (Mkono unaofanya kazi ndio ulioitwa mwizi. Hayo si mageni kwetu.) Kuutambua si kazi kubwa: daktari hupima presha katika mikono yote miwili, na akiona tofauti kubwa atajua pa kuanzia. Kwa hivyo ukienda kupimwa, mwombe apime pande zote mbili.

Neno moja huzitenganisha dalili hizi na pombe kuliko mengine, nalo ni GHAFULA. Mlevi hulewa kidogo kidogo. Mgonjwa wa kiharusi dakika hii ni mzima, dakika ya pili siye. Wala harufu ya pombe si ushahidi, maana mnywaji naye ana mishipa, naye hupata kiharusi kama mtu mwingine.

Na zikipita je? Dalili zikikaa dakika kumi au saa moja kisha zikaondoka, watu humshukuru Mungu na kurudi kazini. Hicho huwa ni kiharusi kidogo kinachotangulia, na siku mbili za kwanza baada yake ndizo za hatari kubwa. Mwaka 2007 madaktari wa Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba waliotibiwa upesi baada ya onyo kama hilo walipunguza hatari ya kupata kiharusi karibuni kwa kiasi cha asilimia 80. Presha, kisukari na sigara vina mkono mkubwa katika haya, nayo presha hupimwa kwa dakika chache tu.

Kwa hivyo mwenzako akibadilika ghafula, usimlaze. Tazama saa, na uandike wakati alipoonekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu hapo. Haipatikani kila hospitali. Mpelekeni moja kwa moja penye mashine ya kupiga picha ya ubongo, maana picha ndiyo huonyesha kama mshipa umeziba au umepasuka. Msimpe chakula, wala maji, wala aspirini: huenda hawezi kumeza, na kama mshipa umepasuka aspirini yaweza kumzidishia damu kuvuja.

Sasa twageukia waajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, yamruhusu mwajiri kumfuta mara moja mtu aliyelewa saa za kazi hata akashindwa na kazi yake. Hatutetei ulevi. Lakini kifungu cha 41 chataka mfanyakazi aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, mwenzake au mjumbe wa chama akiwapo, naye asikilizwe. Mtu ambaye ulimi wake umefungwa na ugonjwa atajieleza kwa lugha gani? Mjumbe akiitwa kwenye shauri la namna hii, neno lake la kwanza liwe: cheti cha daktari kiko wapi? Na jamaa za mgonjwa wapeleke habari kazini mapema, kwani kifungu cha 30 kinampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu, cheti kikiletwa.

Kila mjumbe wa tawi aulize ofisi ya kazini kwake mambo mawili, na alete majibu kwa maandishi katika mkutano ujao: ni hospitali gani ya karibu yenye mashine hiyo ya picha, na usiku wa manane ni gari gani litakalompeleka mgonjwa, na ufunguo wake uko kwa nani.