Milton Nascimento, "Ah", na Wale Wengine

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili hizi kwa sababu za kazi, ila leo nimeamka na hasira na afadhali niimwage hapa kuliko kumwagia konda wa daladala asiye na hatia.

Iko hivi. Rafiki yangu anayeujua ugonjwa wangu wa santuri za zamani alinitumia albamu ya bendi moja ya Kibrazili, Som Imaginário. Albamu inaitwa Matança do Porco, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1973, na tangu hapo imerudishwa sokoni zaidi ya mara moja hadi leo inapatikana kwa yeyote mwenye bando. Jina lake maana yake ni kuchinja nguruwe. Wapenzi wa kitimoto tulieni, hakuna mapishi humu. Ni muziki wa ala, roki ya aina ile ya vipande virefu vinavyobadilika njiani, ndani yake kuna piano, gitaa la umeme, vayolini na jazi kwa mbali.

Nikaisikiliza mara mbili mfululizo. Halafu nikataka kujua nani anapiga nini. Ukurasa niliotumiwa ulikuwa na jina la bendi, majina ya vipande, picha ya jalada, na maneno machache ya kuisifu kuwa hazina iliyosahaulika ambamo sauti ya Milton Nascimento inasikika. Wapigaji je? Hakuna hata mmoja. Albamu nzima haina muimbaji wa maneno, yaani wapigaji ndio kila kitu, na hao ndio walioachwa! Ni sawa na kuuza kitabu bila jina la mwandishi, kisha ukajisifu kwamba umekiokoa kisipotee.

Kwa bendi hii kosa hilo linauma zaidi, na sababu iko kwenye kuzaliwa kwake. Mwaka 1970 Milton Nascimento alihitaji bendi ya kumsindikiza jukwaani. Wakakusanywa vijana, na onyesho likapewa jina "Milton Nascimento, ah, e o Som Imaginário". Yaani: Milton Nascimento, ah, na Som Imaginário. Naichukulia hiyo "ah" kuwa ni utani, na utani mzuri kwelikweli. Mtu anataja jina kubwa, anageuka kuondoka, halafu anakumbuka kwamba kulikuwa na watu wengine pale nyuma. Tatizo ni kwamba zaidi ya miaka 50 imepita na wauzaji wa muziki bado wanauchukua utani ule kama maelekezo ya kazi.

Wale wengine walikuwa nani? Mpiga kinanda, Wagner Tiso, hakuokotwa barabarani. Yeye na Milton walikulia Três Pontas, mji mdogo wa jimbo la Minas Gerais, na walipiga pamoja tangu wakiwa vijana wadogo. Kwenye drams yuko Robertinho Silva, kwenye besi Luiz Alves, kwenye gitaa Tavito. Wale wanaosujudu mbele ya Clube da Esquina, albamu ya Milton na Lô Borges ya mwaka 1972 (nami nasujudu, sikatai), waelewe kwamba mikono wanayoisikia mle ni hii hii. Kila mtu ana habari za ile albamu. Mikono tu ndiyo haina habari.

Albamu zao mbili za mwanzo, za 1970 na 1971, zilikuwa na nyimbo za kuimba. Zé Rodrix, aliyekuwa mmoja wa waimbaji, aliondoka baada ya ile ya kwanza. Kufikia 1973 usukani ulikuwa kwa Tiso, na maneno yakawekwa pembeni. Sasa sikiliza alichokifanya. Albamu inafunguliwa na Armina, wimbo wa piano wenye huzuni ya jioni, na wimbo huo unarudi tena na tena katikati ya vipande vingine, vifupi vifupi, kama mgeni aliyeaga halafu akakumbuka kasahau mwavuli. Kipande kilichobeba jina la albamu kinachukua zaidi ya dakika 10. Mle ndani gitaa linalia mpaka unajiuliza limekosewa nini, vayolini zinaingia, na juu yake inapanda sauti ya Milton bila neno hata moja. Nyota anatumika kama ala! Safari hii yeye ndiye msindikizaji, yeye ndiye "ah". Halafu muuzaji anakuja kuitangaza albamu kwa jina lake. Hivi waliisikiliza kabla ya kuiuza?

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa kijiweni. Wa kwanza aliniambia muziki bila maneno hauna ujumbe. Ndugu yangu, Brazil ya mwaka 1973 ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi, na tangu Desemba 1968 ilipotolewa amri iitwayo AI-5 mashairi yalipita kwanza kwa mtu mwenye kalamu nyekundu. Mwaka huo huo wa 1973 Milton alitoa Milagre dos Peixes. Wadhibiti walikataza mashairi ya nyimbo kadhaa, na yeye akazirekodi hivyo hivyo, sauti bila maneno. Mwaka uliofuata akatoa albamu ya jukwaani yenye jina hilo hilo, na waliompigia, pamoja na okestra, ni Som Imaginário. Kwa hiyo usiniambie kwamba ukimya wa maneno hauna ujumbe.

Ila hapo hapo nageuka kuwagombeza na wa upande wangu. Ipo tabia ya kutaka kila noti iliyopigwa Brazil miaka ile iwe risasi ya siri dhidi ya majenerali. Ukiisimulia Matança do Porco hivyo itauzika vizuri, lakini bendi ilifika kwenye ala tupu kwa njia zake pia: muimbaji aliondoka, na mpanga muziki mwenye kipaji alibaki na nafasi ya kupumua. Tuwaachie basi haki ya kuwa walitaka tu kutengeneza kitu kizuri. Wanamuziki wa nyuma hunyimwa hata hiyo.

Wa pili akasema ni kuiga Waingereza. Kwamba walisikiliza roki ya Uingereza, sawa, nani hakuisikiliza? Lakini sikiliza drams za Robertinho Silva halafu unioneshe ni mtaa gani wa London wanapigia hivyo.

Tuje kwenye hela, maana wengine mnadhani nalilia heshima tu. Kule Brazil mirabaha ya kupigwa hadharani inakusanywa na chombo kiitwacho ECAD. Sehemu inayoitwa hakishiriki (neno hilo limo hata kwenye jina la sheria yetu wenyewe Tanzania ya mwaka 1999) kwa kawaida hugawanywa hivi kwa muziki uliorekodiwa: asilimia 41.7 kwa wasanii wakuu, asilimia 41.7 kwa mtayarishaji mwenye rekodi, na asilimia 16.6 kwa wanamuziki wasindikizaji, wote, wagawane. Mgawo ni mdogo, lakini upo. Ili uufikie lazima jina lako liwe limeandikwa kwenye taarifa za rekodi ile. Kwa hiyo orodha ya wapigaji, hiyo mnayoiona kama mapambo ya nyuma ya jalada, ndiyo daftari la malipo. Ukiifuta umemfuta mtu kwenye foleni ya dirisha la keshia. Ukitoa upya albamu ya ala tupu ukaacha majina, hujaokoa hazina yoyote, umeokoa mali ya mwenye kanda.

Wapo watakaosema msikilizaji wa leo hajali. Sikubali. Sisi tumelelewa na muziki wa dansi, ambamo mpiga solo huitwa kwa jina katikati ya wimbo, tena kwa kelele, kabla gitaa halijaanza kuchemka. Tulijua nani anapiga kabla hatujajua kusoma. Kutojali kumefundishwa juzi tu, na kumefundishwa na kurasa zisizo na nafasi ya kuandika majina hayo.

Tavito alifariki mwaka 2019, Zé Rodrix alitangulia mwaka 2009. Jana usiku nilichukua karatasi nikaandika kwa kalamu: Wagner Tiso, piano na kinanda. Luiz Alves, besi. Robertinho Silva, drams. Tavito, gitaa. Sauti: Milton Nascimento, nikamweka mwisho makusudi. Nikaipiga picha nikamtumia yule rafiki aliyenianzishia haya yote. Akakaa kimya kama saa nzima, halafu akauliza: huyo wa drams kapiga wapi kwingine?

Nimemtumia Clube da Esquina, na orodha nyingine.