Petroli Kwanza, Sifa Baadaye

Kila nipitapo Shauri Moyo, nyundo za mafundi wa Kamukunji hunikumbusha kwamba ufundi tunao. Tunachokosa ni kipimo. Mwaka 2010 Gabriel Nderitu wa Nyeri alipounda ndege nyumbani, tulisifu mabawa na injini. Nani aliuliza habari za petroli?

Maji, yakiwa mazito kuliko petroli, hutuama chini ya tangi. Pasipo mahali pa kuyatoa, huzima injini. Tundu la hewa likiziba, petroli haishuki. Ndege isiyotumia pampu hupimwa ardhini, pua ikiwa juu: mpira upitishe asilimia 150 ya petroli inayohitajika wakati wa kupaa.

Walimu, wapeni wanafunzi chombo cha kupimia na saa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Angani, hata nafasi ya kujenga haipo.